Goti la Rigobert na Kamba ya Kikwembe

Habari hii nilipewa na mama mukubwa Germaine, ndugu ya mama yangu. Alinieleza kule shambani kwake Kasungami, mwaka ule mvua ilichelewa, tukakaa tu mu kibanda tunachambua maharagi ya mbegu. Mimi nilikuwa muke mupya, yeye alikuwa tayari na mvi. Naiandika kwa sababu magoti bado yanaumia, na bantu bado bananyamaza.

Zamani ile muji wetu uliitwa bado Elisabethville. Moshi wa kiwanda ulipanda muchana na usiku, na muntu aliyetoka safari alijua amefika nyumbani akiuona kwa mbali. Germaine na bwana yake Rigobert balikaa mu kambi ya bafanyakazi, mu nyumba ya matofali yenye vyumba viwili. Balizaliwa upande wa Pweto, kando ya ziwa. Germaine aliuza sokoni samaki kavu iliyotoka kwao. Rigobert alifanya kazi mu karakana ya vyuma. Lakini kilichomupa jina ni mupira.

Alicheza pembeni, upande wa kuume, mu ekipe ya kambi iliyoitwa Radi. Bachezaji ba Radi balipewa kazi nyepesi ili babakie na nguvu, na siku ya posho balipewa nyama kupita bengine. Kwa hiyo mupira haukuwa muchezo tu. Ulikuwa kazi yao, na miguu yao ndiyo ilikuwa jembe.

Siku ya Mungu ilikuwa na mupango wake. Asubuhi misa. Saa sita bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Kisha fanfari ilipita njiani, ngoma mbele, tarumbeta nyuma, na bantu balitoka mu nyumba zao kuifuata mpaka kiwanjani. Banamuke balivaa bikwembe bipya. Batoto balivaa viatu siku ile tu. Germaine aliniambia kwamba hata sasa, akisikia tarumbeta, macho yake yanatafuta viatu.

Asubuhi moja ya namna ile, mu misa, kengele ililia na bote balipiga magoti. Germaine aliangalia upande wa banaume. Akaona kichwa kimoja juu ya vichwa vingine vyote. Ni Rigobert. Alikuwa nyuma kabisa, amesimama, mukono kwenye nguzo, muguu mumoja umekunjwa kama muguu wa korongo.

Nyumbani alimuuliza kwa nini hakupiga magoti. Rigobert alisema nafasi ilikuwa ndogo. Germaine alipasha maji, akayapeleka bafuni, na bwana alipotoa suruali aliingia bila kubisha. Goti la kuume lilikuwa limejaa. Hakuna mufupa ulioonekana pale, ilikuwa kama mukate uliovimba kwa chachu.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni kitu kidogo. Kesho itapona."

"Kesho ya wapi? Huyu Kesho wako, mi nimemuzoea. Hafikake."

Rigobert akacheka kidogo, kisha akakaa chini na kusema yote. Katika mechi ya mvua alitaka kumudanganya beki. Muguu ulisimama mu matope, mwili ukageuka, muguu ukabaki. Akasikia ndani ya goti kitu kinasema ko. Alimaliza mechi. Kesho yake goti likavimba. Tangu pale, siku nyingine lilikuwa zuri, siku nyingine lilikwama akiwa anainuka, likakataa kunyoka. Sasa lilikuwa limekataa kabisa. Alitembea kwa vidole vya muguu, na mu karakana alijifanya anatafuta kitu chini.

Germaine alimwambia aende lupitalo, yaani hospitali. Rigobert alikataa, na sababu yake ndiyo hii.

Radi ilikuwa na muzee aliyeipenda kuliko bote. Jina lake Kunda, na bachezaji balimuita Tata, ni kusema baba. Alifanya kazi ya kuchochea moto wa tanuru, na siku za mechi alibeba maji ya bachezaji. Kila mwaka, kombe likianza, Tata Kunda alibaita bachezaji kumi na mumoja nyumbani kwake. Alibachanja bote muguuni kwa wembe mumoja, akapaka jivu la moto mumoja; ile ndiyo ilikuwa dawa. Tangu siku ile hakuna aliyeruhusiwa kutoka mu ekipe mpaka kombe limalizike. Akitoka mumoja, dawa imetoka kwa bote. Na siku ya kuamkia mechi kubwa, balilala kwake bote pamoja. Tata Kunda alifunga kamba mulangoni, na mwanamuke hakuivuka hata kidogo. Mwanamuke akivuka, dawa imekufa.

Na juma ile ilikuwa juma ya mechi ya mwisho. Radi na Nyuki.

"Nikitoka, nimebauza benzangu," Rigobert akasema. "Kambi yote itasema Rigobert njo aliuza kombe."

Germaine aliuliza kama Tata Kunda alijua habari ya goti. Rigobert akasema alijua kidogo. Alimwambia linauma tu. Muzee aliweka tofali la moto lililofungwa mu kitambaa, na Désiré, kapiteni, mwanaume wa mabega mapana, alikamata muguu kwa mikono miwili akauvuta ili unyoke. Rigobert aliuma shati lake kwa meno. Kisha akabaambia imepona, ili baache kuvuta. Bakafurahi sana.

Siku iliyofuata Germaine alipita kwa muchinjaji. Kwao bibi bazee balisema anayeumwa goti anywe supu ya goti. Akanunua goti la ngombe, zima, akawasha mbabula, jiko la makaa, mbele ya nyumba. Jirani yake Edouard akapita kutafuta samaki. Edouard alikuwa mufanyakazi wa lupitalo, mu chumba cha bale banaopasuliwa. Alikuwa muntu wa maneno mengi na kucheka. Aliposikia supu ile ni ya nini, akaacha kucheka.

"Usipike kwanza, mama. Leta kisu."

Akakata nyama pembeni, polepole, akafungua goti la ngombe kama muntu anayefungua mufuko. Akamuita Rigobert aliyejificha ndani. Rigobert akatoka kwa vidole.

"Angalieni. Huu mufupa wa juu iko na kichwa ya duara. Huu wa chini iko bapa. Duara juu ya bapa, haikae muzuri. Njo Mungu akaweka hivi vitu viwili pale katikati."

Germaine akainama. Kati ya mifupa kulikuwa vipande viwili vyeupe, kila kimoja kama mwezi mupya, kinene upande wa inje, chembamba upande wa ndani. Akagusa kwa kidole. Kilikuwa kigumu na laini pamoja, kama kipande cha tairi kilicholowa.

"Bazungu beko naita meniski," Edouard akasema. "Inabeba uzito, inazuia mifupa isisagane. Sasa angalia. Muguu unasimama mu matope, mwili unageuka. Hii kitu inabanwa katikati ya mifupa miwili, inapasuka. Na kipande chenye kimepasuka kinaingia pale mufupa inapita. Njo maana muguu haunyoki."

Rigobert aliangalia ule mwezi mweupe muda murefu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na kuvuta, vile Désiré alinivuta?"

"Mulango iko na jiwe chini yake. Ukisukuma kwa nguvu, jiwe inatoka? Unavunja mulango. Désiré alikuvunja kidogo, ndugu yangu, na wewe ukamushukuru."

Edouard alibaeleza mengine, na Germaine aliyashika kichwani. Goti likiumia mu mechi, muntu atoke, hata kama mupira bado. Siku za kwanza aweke kitambaa cha maji baridi, si tofali la moto, kwa sababu moto unaongeza uvimbe. Muguu ukae juu ya mutungi au benchi. Asikande kwa nguvu, asifunge kamba ya kukaza mpaka vidole vife ganzi. Goti likivimba, au likikwama, au likilegea muntu akitembea, ni la kuonyesha munganga wa lupitalo upesi. Rigobert akauliza habari ya wembe wa Tata Kunda.

"Wembe inafika kwa ngozi tu. Ile kitu iko ndani, haijui habari ya wembe. Lakini wembe moja kwa bantu kumi na moja, ugonjwa wa mumoja inakuwa ya bote."

"Na supu yangu?" Germaine akauliza.

"Supu ni ya njala, mama, mukunywe. Lakini goti ya ngombe haitaenda kukaa mu goti ya Rigobert."

Akasema pia neno la mwisho, na hili halikuwa la kucheka. Akicheza mechi ile na goti lililokwama, kipande kitaendelea kusagwa, na mifupa itasagana. Labda hatacheza tena. Labda hata kutembea kutakuwa kwa fimbo, akiwa bado kijana.

Rigobert aliitika kwa kichwa. Lakini siku ya posho, kuamkia mechi, saa ya muchana, Désiré na bengine balipita kumuchukua, bakiimba, na akaenda nao kwa vidole, akicheka sana ili basiangalie miguu yake. Edouard alibafuata mpaka kwa Tata Kunda, akaomba Rigobert aachiwe aende lupitalo. Muzee alimujibu kwa heshima kwamba lupitalo itafunguliwa hata kisha mechi.

Germaine alibaki na sahani ya lile goti la ngombe, ambalo hakulipika. Alifikiri. Bwana yake hawezi kutoka, kwa sababu akitoka dawa itakufa mu mikono yake. Lakini dawa ikifa kwa mukono wa muntu mwingine, hakuna kinachomufunga tena. Aliogopa. Alijua jina atakaloitwa. Akajitwika sahani kichwani, akaifunika kitambaa, akaenda.

Nyumba ya Tata Kunda ilikuwa mwisho wa kambi. Kamba ilikuwa mulangoni, imepakwa jivu. Ndani bachezaji balikunywa munkoyo wa mahindi na kutaniana. Germaine akabisha.

Tata Kunda akatokea. "Mama, simama pale pale. Kama kuna kilio nyumbani, sema toka pale."

"Hakuna kilio, tata. Mi nakuheshimu. Ulibeba maji ya bwana yangu miaka yote."

Kisha akainua kikwembe kidogo, akavuka kamba.

Désiré ndiye aliyesimama kwanza. "Umetuua," akasema.

"Sijaua muntu. Dawa imekufa, na mi njo nimeiua. Museme vile kwa kambi yote. Rigobert hakutoka. Sasa bote muko sawa, na bwana yangu anaweza kwenda lupitalo." Akamugeukia bwana yake. "Simama. Nyosha muguu, baone."

Rigobert alikuwa amekaa mu kona, na blanketi juu ya miguu. Alimuangalia bibi yake kama anataka kukasirika, na hasira haikuja. Akatoa blanketi. Akasimama. Muguu ulibaki umekunjwa, kisigino hewani, na goti limejaa. Alijaribu kuunyosha, jasho likamutoka usoni, na muguu haukusogea.

Tata Kunda alikaribia, akapiga goti moja chini, akaweka mukono wake wa masizi juu ya goti lile.

"Uliniambia imepona, mwana."

"Nilitaka muache kuvuta, tata."

Germaine akafunua sahani, akabaonyesha ule mwezi mweupe, na kubaeleza vile Edouard alimweleza. Balikuja mumoja mumoja kuangalia. Désiré peke yake alikataa kuangalia. Lakini Tata Kunda alipomaliza kuangalia, alifungua kamba mulangoni kwa mikono yake. "Mumupeleke," akasema. Edouard, aliyemufuata Germaine, alikuwa inje na kinga, baiskeli yake. Bakamukalisha Rigobert juu, Edouard akashika usukani, na muzee akasukuma kwa nyuma mpaka lupitalo.

Radi ilishindwa na Nyuki, bao mbili kwa moja. Ebu fikiri mwenyewe maneno ya kambi. Germaine akaitwa Mama Vuka Kamba. Sokoni banamuke bengine balipita mbele ya samaki yake bakishika pua, bakauliza kama samaki ile pia imevuka kitu. Alibajibu kwamba imevuka ziwa tu, banunue. Kisha alirudi nyumbani na kulia mbele ya mbabula, akisema ni moshi.

Munganga alipasua goti na kutoa kipande kilichochanika. Zamani ile hakukuwa njia ingine. Siku hizi ni tofauti, mujukuu wangu anayesoma uuguzi alinieleza. Banganga banaangalia ndani kwa tundu dogo, bakiweza kushona banashona, na magoti mengine hayapasuliwi hata kidogo, yanapona kwa mazoezi. Kwa hiyo usiogope kwenda, na usikimbilie kisu. Munganga ndiye anayechagua.

Kazi kubwa ilianza nyumbani. Edouard alikuja jioni jioni. Kwanza alimufundisha Rigobert, akiwa amelala na muguu umenyooka, kukaza nyama ya paja, kushika, kulegeza. Rigobert akasema hii ni kazi ya batoto. Akaifanya, na jasho likamutoka. Kisha alijifunza kuinua muguu wote bila kuukunja. Siku zilipopita, Germaine alishona mufuko mudogo, akaujaza mchanga, akaufunga juu ya kifundo cha muguu, na Rigobert aliinua muguu ukiwa na uzito ule. Paja lilikuwa limekonda sana. Ni lile paja linaloshika goti, Edouard alisema. Paja likiwa dhaifu, goti linacheza lenyewe.

Siku moja Germaine alirudi sokoni akamukuta nyuma ya nyumba, anapiga mupira kwenye ukuta. Usiku uleule goti likajaa. Edouard hakupiga kelele. "Goti haisomake kalendari ya ligi," akasema. "Inasoma paja yako tu."

Njo pale Germaine akapata akili yake. Alipasua kamba ndefu mu kikwembe cha zamani. Akaizungusha juu ya paja la muguu muzima, akapiga fundo la alama pale ncha inakutana na kamba. Kisha akaizungusha juu ya paja lililokonda. Fundo likapita mbali, kamba ikaning'inia.

"Kamba ikikaa sawa kwa miguu yote miwili, na goti haivimbe, haiume, nitakuachia mupira," akasema. "Mbele ya pale, mupira utalala chini ya kitanda, upande wangu."

Edouard alipoiona alisema lupitalo pia banapima vile, na utepe wa namba. Kila mwisho wa juma balipima. Tata Kunda alikuja kushuhudia, akileta karanga. Alikaa kwenye kiti na kuangalia fundo kama muntu anayeangalia mechi. Fundo lilikaribia kidogo, likasimama, likakaribia tena. Mvua ziliisha, baridi ikaja, vumbi likaja. Siku fundo lilikaa sawa, muzee alivua kofia yake.

Hata pale Edouard hakumuachia acheze. Kwanza alitembea haraka, kisha akakimbia njia nyoofu, kisha akajifunza tena kugeuka, polepole, akigeuza muguu pamoja na mwili. Karibu na mvua mupya, mu misa, kengele ililia. Germaine aliangalia upande wa banaume, akatafuta kichwa kimoja juu ya vichwa vingine. Hakukiona. Alitafuta tena. Hakukiona. Akainama haraka, maana machozi yalikuwa yanakuja.

Rigobert alirudi Radi. Hakuwa na mbio zile za kwanza. Alirudi nyuma kidogo mu kiwanja, akajifunza kutuma mupira mahali bengine habajafika bado. Alicheza miaka mingi vile. Uzeeni goti lilimuchokesha, kwa sababu kile kilichotolewa hakirudi, lakini lilimubeba kwa muda murefu, hata batoto bake bakamuona kiwanjani.

Siku ya mechi yake ya kwanza fanfari ilipita, na Germaine akaifuata na kikwembe kipya. Balipocheka jina lake, Vuka Kamba, hakuumia tena. Radi ilishinda. Lakini mbele ya mechi kumalizika, Désiré aligongana na muntu, akaangukia goti vibaya, akainuka na kuendelea hatua chache. Kisha akasimama. Akainua mukono kuomba kutoka, yeye mwenyewe, mbele ya kambi yote. Hakuna kapiteni wa Radi aliyefanya vile zamani.

Jioni, bantu bakila bukari kwa Germaine, mulango ukabishwa. Ni Désiré, ameshika bega la Tata Kunda, anaruka kwa muguu mumoja. Alisimama pale mulangoni, murefu kama mulango wenyewe. Tangu siku ya kamba hakuwahi kumusemesha Germaine.

"Mama," akasema, "ile sahani, sikuiangaliaka. Nieleze. Na ulete ile kamba yako."

Germaine alimuangalia. Maneno mengi yalikuja mudomoni, na aliyaacha yapite. "Ingia," akasema. "Mulango yangu haina kamba."

Akamukalisha, akaweka muguu wake juu ya benchi, akaloanisha kitambaa kwa maji ya mutungi. Akamuambia kesho Edouard atamupeleka lupitalo. Kamba ataileta baadaye, paja likishaanza kukonda. Aliyasema yote polepole, na Désiré aliitika kama mutoto wa katekisimu. Muzee aliondoka kwenda kuchochea tanuru. Rigobert alilala kwanza, kwa uchovu, na mufuko wa mchanga karibu ya mukono wake. Désiré akalala palepale kwenye kiti, mudomo wazi, muguu juu. Germaine akabadilisha kitambaa mara ya mwisho. Akakunja kamba ya kikwembe, akaiweka chini ya kichwa chake, akasikiliza banaume babili banavyokoroma, kila mumoja na sauti yake, na naye akalala.